Chai ya alasiri mezani pa Wahindi mjini London

Katika nyumba zetu za Kivu chai si kitu cha ajabu. Asubuhi mama huteleka maji, hutia majani na sukari, na tangawizi ikiwapo, na watoto hunywa upesi upesi kabla ya kwenda shule. Hakuna anayeuliza majani hayo yametoka wapi. Mimi mwenyewe nisingaliuliza kamwe, lau baba yangu asingalinituma.

Baba alikuwa mchumaji wa chai. Muda wa miaka 14 alipanda kila alfajiri katika shamba moja juu ya milima iliyo upande wa Bukavu, kikapu mgongoni, hata vita ya mwaka 1996 ilipofika na shamba likaachwa kuota magugu. Nilipokuwa mtoto nilimpelekea chakula cha mchana, viazi na maharagwe ndani ya jani la mgomba, nikasimama kutazama vidole vyake. Majani mawili machanga na kichipukizi kimoja. Majani mawili na kichipukizi. Wala macho yake hayakufuata mikono. Jani la tatu halikutakiwa. Aliyechanganya majani magumu alisemwa vikali mbele ya mizani na kupunguziwa posho. Jioni magunia yalipakiwa garini, gari likashuka njia ya kiwanda, na baba hakuona tena kazi ya mikono yake.

Basi nilipopata nafasi ya kwenda Uingereza kwa majuma sita, kufuata masomo ya walimu, baba aliniita barazani. Hakuniomba koti wala saa. Aliniambia, "Mwanangu, husemwa kwamba Waingereza ni wanywaji wakubwa wa chai. Ukifika kwao uniulizie jambo moja: majani yetu yalikuwa yanakwenda wapi?"

Nikamwahidi kwamba nitauliza.

Mtaa wa wanunuzi

Siku ya mapumziko ya kwanza nilikwenda Mincing Lane. Ni mtaa mfupi katika sehemu ya kale ya London iitwayo City, si mbali na mto Thames. Nilikuwa nimesoma kwamba hapo ndipo palipokuwa kitovu cha biashara ya chai ya dunia. Mnada wa chai wa London ulianza mwaka 1679, ukadumu zaidi ya miaka 300. Kabla ya mnada waonjaji walipanga vikombe vyeupe safu safu, wakaivuta chai kijikoni kwa kelele, wakaizungusha kinywani, wakaitema, wakaandika neno moja au mawili kitabuni. Kwa maneno hayo bei ilipanda au kushuka, na bei iliposhuka London, mchumaji aliye mbali kabisa alisikia njaa pasipo kujua sababu.

Nilitembea mtaa wote kwa dakika chache tu. Niliona majumba marefu ya mawe na vioo, na watu wa ofisi wakipita mbio, kila mmoja na kikombe chake cha karatasi mkononi. Tena wengi walikunywa kahawa! Nilimwuliza bawabu mmoja mahali mnada ulipofanyika. Alinitazama kwa upole, akasema kwamba hajapata kuusikia. Haikuwa ajabu, kwa maana mnada ule ulifungwa tarehe 29 Juni 1998. Siku hizi sehemu kubwa ya chai ya Afrika ya Mashariki, pamoja na ile itokayo kwetu Kongo, hupitia mnada wa Mombasa, ambao ulianza Nairobi mwaka 1956 na kuhamishiwa Mombasa mwaka 1969. Nalivuka bahari nikitafuta jibu, kumbe nusu ya jibu nilikuwa nimeiacha nyuma yangu, kwenye pwani ya jirani zetu.

Nikarudi nyumbani nilikopangishwa, moyo mzito kidogo.

Mzee wa Fort Portal

Mahali tuliposomea palikuwa na mzee mmoja Mhindi, mwalimu aliyestaafu, ambaye alikuja mara mbili kwa juma kutusaidia katika mazoezi ya kufundisha. Siku ya kwanza, alipopata habari kwamba mimi ni mtu wa Kongo, alinikaribia akasema kwa sauti ndogo, "Habari za safari, mwalimu?" Nilidhani masikio yangu yananidanganya.

Mzee huyo alizaliwa Uganda, karibu na Fort Portal, katika nchi ya vilima inayolimwa chai. Baba yake alikuwa na duka la nguo, chumvi na mafuta ya taa, na wateja wake wengi walikuwa wachumaji. Dukani walisema Kiswahili na watu wa kila kabila. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 tu kuondoka Uganda. Zaidi ya watu 27,000 katika hao walipokewa Uingereza, naye alikuwa mmoja wao, mvulana wa miaka 15, mwenye sanduku moja na koti lisilofaa kwa baridi.

Nilimsimulia habari ya baba na ya safari yangu ya bure Mincing Lane. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, swali la mzee wako halijibiwi barabarani. Jibu lake moja limo mezani. Jumamosi uwe mgeni wangu kwa chai ya alasiri. Uvae koti, maana tutakwenda mahali pa heshima."

Jumamosi alinipitisha kwanza katika mtaa wa George Street, karibu na Portman Square. "Kabla ya kula tuwaamkie wakubwa," alisema, akanionyesha kibao cha kijani ukutani, kilichowekwa mwaka 2005. Hapo karibu, mwaka 1810, mtu mmoja wa Bara Hindi, Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna, alifungua nyumba ya kulia iitwayo Hindoostane Coffee House. Ilikuwa ya kwanza ya namna yake mjini London kuwa mali ya Mhindi. Alitaka Waingereza waliokuwa wamekaa Bara Hindi wapate tena mchuzi wenye viungo, waketi juu ya viti vya henzirani na kuvuta tumbako ya kiko cha maji. Chakula kilisifiwa, lakini fedha hazikutosha. Mwaka 1812 aliishiwa, akatangazwa kuwa mufilisi. Hata hivyo hakukata tamaa. Alihamia mji wa Brighton ulio pwani, akafungua nyumba ya kuogea na kukandwa mwili, akasifika mpaka wafalme wawili wa Uingereza wakamtumia. Alifariki mwaka 1851.

"Yeye alishindwa kwa sababu aliwahi mno," mzee alisema. "Waingereza walikuwa tayari kula vya kwetu, lakini si kulipa bei ya heshima. Twende sasa ukaone bei ya heshima."

Sahani tatu

Mkahawa tulioingia ulikuwa katika jumba la kale, lenye dari ndefu na taa za shaba zilizotobolewa nakshi. Sakafu ilikuwa ya mbao zilizong'arishwa hata nikaogopa viatu vyangu. Mezani palitandikwa kitambaa cheupe. Mtumishi wa meza, kijana Mhindi mwenye koti refu lililofungwa mpaka shingoni, alinivutia kiti kana kwamba mimi ni chifu. Niliketi, nikaficha mikono yangu mapajani, nisijue kipi kinashikwa kwanza.

Inafaa niwaelezeni kwanza desturi yenyewe. Chai ilikuwa imekwisha kujulikana London wakati Katarina wa Braganza, binti wa mfalme wa Ureno, alipoolewa na mfalme Charles II mwaka 1662. Lakini yeye aliipenda toka kwao, na mabibi wa baraza la mfalme wakamwiga. Katika mali aliyoileta mumewe ulikuwamo mji wa Bombay. Ndivyo chai na Bara Hindi vilivyokutana katika arusi moja. Baadaye, mnamo mwaka 1840, Anna, mke wa mtawala wa Bedford, aliona njaa kila alasiri, kwa kuwa wakubwa wa siku zile walichelewa sana kula chakula cha jioni. Husimuliwa kwamba ndipo alipoanza kuagiza chai, mkate na siagi chumbani mwake, kisha akawaalika rafiki zake. Desturi ikaenea, ikapata kanuni zake, na kinara chake cha sahani tatu, moja juu ya nyingine: chini vitu vya chumvi, katikati mikate midogo iitwayo skoni, juu vitu vitamu. Mtu huanza chini akapanda.

Basi kinara kililetwa, kikawekwa kati yetu. Kwa umbo kilikuwa cha Kiingereza kabisa, lakini vilivyokuwa juu yake vilinifanya nitake kucheka. Sahani ya chini ilikuwa na sambusa! Sambusa ndogo, si kubwa kuliko kidole gumba, iliyokunjwa kwa ustadi, ndani yake njegere na viazi vyenye bizari. Kando yake vilikuwapo vipande vya mkate mweupe vilivyokatwa ncha tatu, katikati vimepakwa kachumbari ya majani ya kotimiri, na bajia za kitunguu. Palikuwa pia na vipira vya unga vilivyokaangwa, vitupu ndani, vyembamba kama ganda la yai, na kijagi kidogo chenye maji ya rangi ya kahawia.

Nami kwa kuwa nilikuwa na kiu, na kwa kuwa nilitaka kuonekana mtu aliyezoea, nilijimiminia maji yale katika bilauri nikanywa funda kubwa. Loo! Yalikuwa maji ya ukwaju, mnanaa na pilipili. Machozi yalinitoka. Mtumishi aligeuza uso wake kwa adabu, akaniletea maji ya kawaida pasipo neno. Mzee alicheka hata akashika mbavu, kisha akanifundisha: unatoboa kipira juu kwa kidole, unatia viazi kidogo na maji yale, unakitia kinywani kizima, na kinapasuka kwa uchachu, utamu na ukali pamoja. Huko Bara Hindi huuzwa njiani, na watu hula wamesimama. Hapa kiliwekwa katika kikombe cha fedha.

Sahani ya katikati ilikuwa na skoni zenye zafarani na iliki. Badala ya jamu ya matunda ya baridi tulipewa jamu ya embe yenye pilipili kidogo, na malai mazito yaliyosimama wima kijikoni. Sahani ya juu ilikuwa na haluwa ya karoti, vipande vya maziwa yaliyochemshwa hata kuganda pamoja na lozi, na vitufe vilivyokaangwa kisha kulowekwa ndani ya maji ya sukari na marashi ya waridi.

"Ebu vitaje," mzee aliniambia, akivionyesha kimoja kimoja. Nikavitaja: sambusa, bajia, kachumbari, malai, haluwa, chai. Hapakuwa na kimoja nilichohitaji kukitafutia jina. Maneno haya yalivuka bahari ya Hindi zamani, katika majahazi ya Waajemi, Waarabu na Wahindi, yakaingia katika Kiswahili, yakapanda bara pamoja na misafara mpaka kwetu. Mzee akasema, "Unaona, mwalimu? Umekaa kwa Waingereza, unakula kwa Wahindi, na lugha yako inavijua vyote."

Chai iliyofanywa kwa kukaidi

Kisha ikaja chai yenyewe katika buli la fedha: chai ya maziwa, yenye tangawizi, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Mzee alimimina, akainamisha uso wake juu ya mvuke, akafumba macho. "Hii ndiyo harufu ya duka letu saa kumi na mbili asubuhi," alisema. Nami nikamwachia muda wake.

Wengi hudhani kwamba Wahindi wamekunywa chai ya namna hii tangu kale. Sivyo. Watu wa Singpho katika misitu ya Assam walijua mti wa chai na kuutumia, na mwaka 1823 Mskoti Robert Bruce alipata habari zake kwao. Waingereza walikuwa wakinunua chai yao Uchina kwa gharama kubwa; walipoona mti unaota Assam, walifurahi. Chai ya kwanza ya Assam iliuzwa kwa mnada London mwezi Januari 1839. Lakini chai nzuri ilisafirishwa. Wahindi wengi hawakuijua. Mwanzoni mwa karne ya 20 ndipo wenye biashara walipotaka kuwauzia na wenyeji, wakapeleka wafundishaji na majiko viwandani na katika stesheni za reli, kufundisha watu namna ya Kiingereza: majani mengi, maziwa kidogo.

Wauzaji wa njiani hawakutii. Majani yalikuwa ghali, kwa hiyo walitia machache, wakaongeza maziwa, sukari na viungo. Wafundishaji walikasirika, kwa sababu muuzaji wa namna hiyo alinunua majani kidogo. Baada ya mwaka 1930, William McKercher alipovumbua huko Assam mashine ya kuponda, kupasua na kusokota majani, ilipatikana chai ya chembe ndogo, yenye nguvu na rahisi, ikafaa sana mapishi yale. Hivyo chai ya kukaidi ikawa chai ya taifa zima. Na siku ile nilikuwa nikiinywa katika kikombe chenye ukingo wa dhahabu, mita chache kutoka kwa mabwana na mabibi wa Kiingereza waliokuwa wakiisifu.

Lakini mzee hakutaka niishie katika kusifu. Alinikumbusha kwamba meza ya chai ilikuwa na madeni yake. Sukari iliyotiwa katika vikombe vya zamani vya London ililimwa na watumwa Waafrika katika visiwa vya Karibi. Mwaka 1791 Bunge la Uingereza lilipokataa kukomesha biashara ya watumwa, familia nyingi, na hasa akina mama, ziliacha kutia sukari hiyo katika chai yao. Biashara yenyewe ilikomeshwa mwaka 1807, na sheria ya kuukomesha utumwa katika makoloni ilipitishwa mwaka 1833. Huko Assam nako wafanya kazi waliletwa kutoka mbali kwa mikataba migumu. Sheria ya mwaka 1865 ilimpa mwenye shamba uwezo wa kumkamata aliyetoroka. Mwezi Mei 1921 maelfu ya wachumaji wa bonde la Chargola waliacha mashamba kwa sababu ya ujira mdogo, wakashika njia ya kurudi kwao, wengi kwa miguu na watoto mikononi. Na kwenye stesheni ya Chandpur askari wakawapiga usiku.

Nilitua kikombe changu. Nilikumbuka mizani ya baba.

Jibu

Ndipo nilipoichukua orodha ya chai na kuisoma kwa makini. Kulikuwa na Assam, Darjeeling na Nilgiri, kila moja na maelezo ya mlima wake na majira ya kuchumwa kwake, kana kwamba ni mtu anayetajwa ukoo. Nikatafuta Kivu. Nikatafuta Fort Portal. Hazikuwamo.

Nilimwita mtumishi, nikamwuliza kama wanayo chai ya Afrika. Alikwenda kumwuliza msimamizi, akarudi na jibu la kweli, lisilo na dharau. Alisema, "Bwana, chai ya Afrika ni nzuri, ina rangi na nguvu. Lakini nyingi huchanganywa na nyingine katika vifuko vya kila siku. Waingereza huinywa asubuhi majumbani mwao. Haiji hapa kwa jina lake."

Mzee akanitazama. "Hilo ndilo jibu la baba yako," alisema. "Majani yenu yalikuwa yanakwenda katika kila nyumba. Ila yalikwenda bila jina."

Akanieleza kwamba hata jina la Darjeeling halikulindwa na bahati. Chai nyingi kutoka mahali pengine iliuzwa kwa jina hilo, mpaka Wahindi wakaliandikisha kwa sheria ya nchi yao mwaka 2004, na mwaka 2011 nchi za Umoja wa Ulaya nazo zikakubali kulilinda. Watu walisimama kulitetea. Tena jina peke yake halimshibishi mchumaji, alisema. Huko Darjeeling nako wachumaji wangali wakidai ujira bora. Lakini asiye na jina hana hata mahali pa kuanzia madai yake.

Hesabu ikaletwa ndani ya kisanduku cha mbao. Mzee alijaribu kuifunika kwa mkono, lakini niliona: kwa watu wawili ilipita paundi 110. Nikaanza kuhesabu, maana mwalimu haachi kazi yake. Kilo moja ya chai kavu hutaka kilo 4 na nusu hivi za majani mabichi, nayo hutoa vikombe 400 hivi. Siku baba alipochuma kilo 25, alijaza vikombe zaidi ya 2000. Na posho yake ya mwezi mzima isingaliweza kulipa sahani moja ya kinara kile. Nikaona haya, wala sijui hata leo niliona haya kwa ajili ya nani.

"Mzee," nilisema, "fedha hizi ni nyingi mno kwa ajili yangu."

Akajibu, "Mwaka 1994 nilirudi Fort Portal mara moja. Duka letu lipo, lina mwenyewe mwingine. Nilisimama mlangoni nisijue niseme nini. Yule mama alinitazama, akanikaribisha ndani, akanipa chai, asiniulize nimekuja kudai nini. Tangu siku ile nina deni. Leo nalipa kidogo. Maliza haluwa yako, mwalimu."

Nikaimaliza.

Kopo la baba

Siku ya kuondoka mzee alinipa kopo dogo la chai ya Assam, ile ya majani yaliyosokotwa mazima, si ya chembe. Nililificha kati ya vitabu vyangu mpaka nyumbani.

Baba aliposikia nimefika aliketi barazani akingoja, wala hakutaka kusikia habari za ndege na majumba kwanza. Nikamweleza yote: mtaa usio na mnada tena, mzee wa Fort Portal, sahani tatu, orodha yenye majina, na vifuko visivyo na jina. Alisikiliza hata mwisho. Akauliza, "Katika kila nyumba?"

"Ndiyo, baba. Karibu kila nyumba, asubuhi."

Alitikisa kichwa pole pole. Sikuweza kujua kama amefurahi au amehuzunika. Nadhani vyote viwili.

Mama akateleka maji. Baba alimimina majani machache kutoka katika kopo, akayalowesha ndani ya kikombe. Yalipolainika akatoa moja kwa vidole vyake vilivyokakamaa, akalikunjua juu ya kiganja taratibu, kama mtu anayefungua barua. Tukainama sote kutazama. Majani mawili na kichipukizi kimoja.

"Aliyechuma hili hakufanya haraka," baba alisema. Akalitazama tena kwa muda. "Tena anajua kazi. Sijui huko kwao wanampa nini."

Wasomaji wapenzi, baba yangu hajapata kufika Assam, wala hatafika. Lakini alimtambua mwenzake kwa jani moja lililolowana. Kesho asubuhi chai itakapotelekwa nyumbani mwenu, waulizeni watoto imetoka mlima gani na imechumwa na mikono ya nani. Wasipojua, watafuteni jibu pamoja. Na ninyi vijana wetu mnaosoma biashara na kilimo, fahamuni kwamba milima ya Kivu ingali inaotesha chai, na kwamba jina lake bado halijaandikwa katika orodha ile niliyoisoma London. Kazi hiyo inawangoja ninyi.